Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: watoto wetu wanajua barua ina anwani ngapi, hawajui waandike nini katikati

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa wakubwa wa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, mnaosimamia shule zetu za msingi, kwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) mnaoandaa mtaala na vitabu, na kwa Baraza la Mitihani (NECTA) mnaotunga ule mtihani ambao kila kitu darasani kinakimbilia huko.

Shikamoni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa mji, nafundisha la tano na la sita, na la sita mwaka huu lina watoto 94 kwenye chumba kimoja wakati kiwango chenu wenyewe ni 45. Sijaja kwa ajili ya hilo, hilo mnalijua. Nimekuja na jambo moja ambalo halihitaji jengo wala madawati, nalo ni kwamba tunawafundisha watoto umbo la barua halafu tunaishia hapo, kumshawishi mtu kwa barua hatuwafundishi kabisa.

Chukueni mtoto yeyote wa la sita muulizeni barua rasmi ina anwani ngapi, atasema mbili kabla hamjamaliza swali. Kichwa cha habari kinaandikwaje? Herufi kubwa na kinapigiwa mstari. Mwisho unaandika nini? Wako mtiifu. Haya sasa mwambieni amwandikie mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba kitu anachokitaka kwelikweli, muone. Anwani atazipanga vizuri, mstari atapiga, ataandika "husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu "tunaomba utusaidie sisi watoto", halafu "natumaini ombi letu litakubaliwa", wako mtiifu, sahihi, basi. Katikati hamna kitu. Kwa nini huyo mwenyekiti akubali? Hamna. Nani mwingine atafaidika? Hamna. Na asipoweza hilo afanye lipi dogo kuliko hilo? Hamna. Nimesahihisha barua za namna hiyo miaka mingi na nilikuwa nazipa alama zote maana mitihani yetu ya shule na ya kata ndivyo inavyouliza, sehemu za barua, umbo la barua, na mtoto akishajua umbo tunasema topiki imeisha twende mbele.

Nataka niwakumbushe kitu mnachokijua maana wengi wenu mmeshakaa pale kwenye meza kuu kama wageni rasmi. Mahafali ya la saba. Anasimama mtoto, kavaa vizuri, kashika karatasi, anasoma risala, mheshimiwa mgeni rasmi shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo, upungufu wa nyumba za walimu, upungufu wa matundu ya vyoo, ukosefu wa uzio, tunakuomba utusaidie, watu wanapiga makofi. Ile risala nani kaiandika? Mwalimu. Mimi mwenyewe nimeandika kadhaa. Mtoto anakaririshwa wapi ashushe pumzi na wapi apandishe sauti, na kesho yake ukimuuliza shule inahitaji matundu mangapi hajui, kwa sababu lile halikuwa ombi lake. Yaani nafasi pekee kwa mwaka mzima ambayo mtoto anaongea na mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kitu, tunampa maneno ya mtu mzima ayasome. Mwaka jana nilibadilisha. Nikawaambia la sita hesabuni wenyewe. Wakapita darasa kwa darasa, wakapata wasichana 460 na matundu yao 9, nikawaonyesha mwongozo wa serikali unaosema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, wakagawanya, wakapata matundu 23 ndo yangetakiwa. Mtoto mmoja akasema mwalimu, kumbe hatuombi msaada, tunawakumbusha walichosema wenyewe. Nikanyamaza kidogo pale. Sikumfundisha mimi hilo, hesabu ndo ilimfundisha.

Sasa niwaeleze tunavyofanya maana msije mkasema huyu mwalimu analalamika tu hana njia.

Ilianzia barabarani. Mwanafunzi wetu mmoja aligongwa na pikipiki akivuka kuja shule, akavunjika mguu, akakaa nyumbani miezi miwili. Wenzake wakawa na hasira na huzuni, wakataka kuandika barua wawekewe matuta. Nikasema andikeni. Zikaja barua 94 na zote zinalia, sisi watoto tunakufa, tuoneeni huruma, na chache zilikuwa za vitisho kabisa, msipoweka matuta tutaziba barabara. Nikachukua kiti changu nikakiweka mbele, nikasema huyu atakayekaa hapa ndo mkubwa, barua zinasomwa kwake, na kazi yake ni kukataa lakini lazima atoe sababu. Watoto wenyewe wakakipa jina, kiti cha mkubwa. Wakapokezana. Wa kwanza akasema hela hamna. Wa pili akasema nyie ndo mnacheza barabarani, laumuni wazazi wenu. Wa tatu baba yake ni dereva wa daladala, akasema matuta yanaua springi za magari, madereva watanijia juu. Wa nne, binti mdogo wa mwili na mkimya sana, akakaa akasoma akasema hii barabara sio yangu, mmenikosea, pelekeni kwa mwenyewe.

Darasa zima likakaa kimya. Barabara ni ya nani? Hakuna aliyejua, na wazazi walipoulizwa usiku ule nao wengi hawakujua. Tukatafuta, tukajifunza kwamba barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala mmoja wa serikali, TANROADS, na hizi za mitaa na za vijijini ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote lazima ujue unaandika kwa nani na huyo mtu ana mamlaka juu ya nini. Mnaona hapo tayari tumeingia uraia, na wala sikufungua kitabu cha uraia.

Tulirudia ile barua mara tatu. Kabla ya kuirudia tulienda kukaa chini ya mwembe ulio karibu na barabara, asubuhi kabla ya kengele, nusu saa, kila kundi na kitu chake cha kuhesabu, hawa pikipiki, hawa malori, hawa watoto wanaovuka bila mtu mzima. Barua ya tatu haikuwa na neno huruma hata moja. Ilitaja muda ambao hatari ni kubwa, ikasema tumehesabu tukaona hivi, ikasema kama matuta hayawezekani mwaka huu basi alama za kuvukia na kibao cha kuonya kuna shule vingetusaidia na gharama yake ni ndogo, na ikasema wakati tunasubiri sisi wa la sita tutavusha wadogo zetu pamoja na mwalimu wa zamu. Yule mtoto wa dereva ndo aliyeongeza sentensi moja ambayo mimi naiona ndo nzuri kuliko zote, kwamba madereva nao wataepuka kesi na gharama za hospitali. Alichukua sababu ya kukataa akaigeuza kuwa sababu ya kukubali. Ana miaka 12.

Na hii kitu sio ngeni kwetu jamani. Barua ya posa mnaijua. Haiandikwi hivi hivi, wazee wanakaa, wanajiuliza huyu baba wa binti ni mtu wa namna gani, anapenda nini, neno gani litamuudhi, nani awe mshenga maana mshenga mwenye papara anaweza kuharibu kila kitu. Maneno yanapimwa. Huko ndo kushawishi, na bibi na babu zetu wanakuweza, ila tumekuacha barazani na kwenye sebule za harusi, darasani tumebaki na anwani mbili na mstari chini ya kichwa cha habari.

Niliwasimulia pia habari za mtoto wa Marekani, Grace Bedell, alikuwa na miaka 11 anaishi Westfield kule New York, na tarehe 15 Oktoba 1860 alimwandikia Abraham Lincoln aliyekuwa anagombea urais akamshauri afuge ndevu. Alimwambia uso wako mwembamba, ukifuga utapendeza zaidi, wanawake wote wanapenda ndevu na watawasumbua waume zao wakupigie kura, na mimi nina kaka wanne, baadhi watakupigia hata hivyo ila ukifuga nitajaribu kuwavuta na waliobaki. Watoto walicheka sana. Nikawauliza mbinu yake ni ipi? Kijana wa dawati la mwisho, ambaye mkono huwa hanyooshi, akasema mwalimu hajaongelea anachotaka yeye, ameongelea kura anazotaka yule mgombea. Ndo hapo! Na fikirieni wakati ule wanawake wa kule walikuwa hawapigi kura, yule binti analijua hilo na akatafuta mlango wa kupitia, akapitia kwa waume na kwa kaka zake. Lincoln alimjibu tarehe 19 Oktoba, siku nne tu baadaye, hakuahidi kitu, lakini ndevu alifuga, na Februari 1861 treni iliyokuwa inampeleka kuapishwa iliposimama Westfield alimuulizia yule binti akaenda kumsalimia. Watoto wangu walichoshika sio ndevu. Walishika siku nne. Mwalimu, alijibiwa kwa siku nne?

Waliuliza hivyo kwa sababu barua yetu ya barabarani haikujibiwa. Ofisi sitaitaja, na sijui barua ilikwama kwenye meza ya nani, ila tulipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tukabaki na nakala, na mpaka leo ni mwezi wa saba tangu tuipeleke. Kila Jumatatu kuna mtoto ananiuliza mwalimu vipi. Mwanzoni walikuwa wanauliza wengi, sasa hivi anauliza mmoja.

Lakini nakala tuliipeleka pia kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, na yeye alikuja. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya darasa, akasema watoto barua yenu nimeisoma yote, mimi uwezo wa kuweka matuta sina, ila kwenye kikao cha kata nitaisoma kama mlivyoiandika na nitawaletea walichosema. Na alirudi wiki tatu baadaye akasema wameipokea ila kwa sasa jibu ni hapana, na akaeleza kwa nini. Waheshimiwa, wale watoto walifurahi. Walijibiwa hapana na wakafurahi, sijawahi kuona darasa likifurahia hapana namna ile, na kesho yake wakaniomba tuanze barua nyingine kwa sababu sasa walikuwa wanajua mkubwa anawaza nini.

Kwa hiyo naomba mawili, nayasema wazi ili msiyatafute.

La kwanza linawahusu TET na NECTA. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi maswali yake mengi ni ya kuchagua, mtoto anatia kivuli kwenye herufi, na mwalimu yeyote atafundisha kile kinachotoka, hiyo msitulaumu, sisi tunapimwa kwa ufaulu na wazazi wanatupima kwa ufaulu. Herufi haiwezi kupima kama mtoto anaweza kumshawishi mtu. Wekeni swali moja la kuandika, mpeni mtoto hali halisi na mwandikiwa halisi, nusu ukurasa tu, na alama nyingi ziende kwenye hoja na ushahidi, chache ziende kwenye anwani na tarehe. Najua mtanijibu nini, watahiniwa ni zaidi ya milioni moja kila mwaka, nani atasahihisha kwa mkono? Ni swali la haki na nimelifikiria. Upimaji wa darasa la nne watoto wanaandika kwa mkono na unasahihishwa, tena nchi nzima, na walimu tunaitwa tunakwenda. Na kama bado ni mzigo, basi anzeni na kazi za darasani, barua moja kila muhula, ihifadhiwe kwenye jalada la mtoto, iingie kwenye alama zake za maendeleo. Mtaala huu ulioboreshwa ambao tumeanza nao Januari 2024 unaongelea umahiri na fikra tunduizi kila ukurasa, na mimi ninaupenda kwa hilo, ila umahiri wa kuandika hauwezi kuonekana mahali ambapo hakuna anayeandika.

Kuhusu muda pia mtauliza. Kipindi ni dakika 40 na watoto ni 94, kweli siwezi kusahihisha barua 94 kila wiki, sijawahi hata kujaribu. Tunaandika kwa makundi ya watoto sita sita, barua inasomwa kwa sauti, kiti cha mkubwa kinakataa, kundi linarudi kurekebisha, na mimi nasahihisha ile ya mwisho tu. Makundi 16. Inawezekana. Kama TET mkiweka njia ya namna hii kwenye kiongozi cha mwalimu, hata kurasa mbili, kuna walimu wengi wanaoweza kuifanya vizuri kuliko mimi.

La pili ni la kwenu wote na kwa ofisi zote zilizo chini yenu. Jibuni barua za watoto. Toeni agizo kwamba barua ya mwanafunzi ikipokelewa kwenye ofisi ya umma ijibiwe ndani ya siku 30, hata kwa sentensi tatu, hata kama jibu ni hapana, mradi sababu iwepo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu, na mtoto hajui kama amesikilizwa mpaka mtu amwambie nimesikia. Mwalimu naweza kufundisha hoja, ushahidi, lugha ya heshima, kila kitu, ila jibu siwezi kuliandika mimi. Nilishawahi kufikiria niwaandikie mimi mwenyewe nijifanye ofisi ili tu wasivunjike moyo, nikashindwa, maana ningekuwa nawafundisha uongo.

Na wenzangu walimu na wazazi mnaosoma, najua hofu yenu. Mwalimu mwenzangu aliniambia unawafundisha watoto ubishi, watakuja kutuandikia na sisi. Ni kweli waliandika. Kuna binti wangu mmoja mama yake anapika vitumbua, na jioni yule mtoto alikuwa anazunguka navyo mpaka usiku, darasani analala. Alimwandikia mama yake barua. Hakusema mama unanionea. Alimwanzia na shikamoo mama, akasema najua hela ya daftari inatoka kwenye vitumbua, akamwekea hesabu za wiki mbili kwamba siku za katikati ya wiki jioni vinabaki vingi, Jumamosi na Jumapili asubuhi vinaisha mapema, akaomba azunguke hizo asubuhi mbili tena aongezewe sinia, na siku za shule apumzike asome. Mama alikuja shule, nikajua nimekwisha. Kumbe alikuja na ile barua ameikunja kwenye kanga, akasema mwalimu huyu mtoto ameona kitu ambacho mimi sikukiona kwenye biashara yangu mwenyewe. Alikubali nusu, Alhamisi bado anazunguka. Ila zile siku nyingine mtoto yuko macho darasani. Huo ndo ubishi? Mtoto mbishi anapandisha sauti, huyu alikaa chini akahesabu vitumbua.

Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka elimu yetu imjengee mtu akili ya kuuliza na imani kwamba yeye ni raia huru aliye sawa na wenzake. Sijui njia fupi ya kufika huko kuliko mtoto wa miaka 12 kuandika barua yenye hoja kwa mtu mzima mwenye cheo, na yule mtu mzima akaisoma na kujibu.

Watoto wangu wameshaanza nyingine, ile ya matundu ya vyoo, wamemwandikia mkurugenzi wa halmashauri na nakala wamesema ije kwenu. Stempu wamechangishana wenyewe, wengine shilingi hamsini hamsini, nimewaongezea iliyopungua. Ina ukurasa mmoja na hesabu yao iko aya ya pili. Tutaitia posta Ijumaa. Jana wameniuliza jibu litafika lini, nikawaambia sijui, nitawauliza wenyewe, na ndo nawauliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, darasa la sita